Tupeane uzoefu: siku uliyorudi Tanga baada ya kusoma ng'ambo

Binti wa Barabara ya 12

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Mdogo wangu amemaliza masomo Uturuki, anarudi Alhamisi ijayo baada ya miaka mitano bila kukanyaga nyumbani. Kuna jambo linanikosesha usingizi kuhusu kurudi kwake, nitalisema baadaye. Kwanza naomba mliosoma nje mtusimulie mlivyorudi. Naanza na yangu.

Nilikuwa Khartoum. Vita vilianza Jumamosi, tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Uwanja wa ndege ulifungwa siku ileile, kwa hiyo njia ya nyumbani tuliyoizoea ikafa. Umeme ulikatika, maji yakafuata. Tulifuturu kwa tende na kikombe kimoja cha maji watu watatu. Idi tuliiswali ndani, risasi zikilia mtaa wa pili. Mabasi yalipopatikana tukaelekea Gedaref, tukavuka mpaka pale Metema kuingia Ethiopia, tukafika Gondar, na huko ndiko tulikopandia ndege ya kuja Dar. Nilikuwa na begi la mgongoni, msahafu, chaja ya simu na kanga aliyonipa bibi. Vitabu na karatasi zangu zote za matokeo zilibaki kule, na nilikuwa nimebakiza muhula mmoja.

Watu huniuliza habari za mabomu. Mimi ninachokikumbuka zaidi ni basi la kutoka Dar. Pale Segera lilipokata kulia na kuiacha barabara ya Moshi, nikaanza kulia, nikashindwa kujizuia. Mama mmoja wa kiti cha jirani akamenya chungwa akaniwekea mkononi, hakuniuliza lolote. Hale, Muheza, mkonge uleule, Pongwe, Kange. Baba alikuwa amesimama stendi tangu adhuhuri.

Mzee wa Pongwe

Pole sana mwanangu, na hongera kwa kufika salama.

Mimi nilisoma Moscow, Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, nikarudi 1987. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kujifunza Kirusi tu, ndipo masomo yenyewe yakaanza. Miaka ile hakuna simu ya mkononi. Ukiandika barua leo, majibu unayangoja mpaka unasahau uliuliza nini. Dar nikapanda garimoshi la usiku kuja Tanga. Sikulala. Kulipopambazuka nikaona minazi, nikajua nimefika.

Mama yangu hakujua kusoma. Barua zangu alikuwa akisomewa na dada yangu mdogo, na huyo alikuwa ameolewa Pangani. Mama hakutaka jirani ajue mambo ya ndani, kwa hiyo barua tatu za mwisho alizifunga kwenye upindo wa kanga, hazijafunguliwa. Usiku ule baada ya wageni kutawanyika akazitoa, akasema, "Haya, nisomee." Nikakaa mkekani nikamsomea barua nilizomwandikia mwenyewe. Moja nilikuwa nimeandika kwamba naumwa, nimelazwa. Akanishika paji la uso kama vile homa ingali pale.

Mwana Horohoro

Shikamoo mzee. Hiyo ya barua imenigusa mno.

Yangu haina makubwa. Nilisoma Pune, India. Tiketi ya kutua Nairobi ndiyo niliyoimudu, kwa hiyo kutoka Mumbai nikaja Nairobi, nikachukua treni ya SGR hadi Mombasa, nikavuka feri ya Likoni, kisha matatu mpaka Lungalunga. Ukivuka mpaka tu upo Horohoro, na kutoka hapo Tanga mjini ni kilomita kama 65. Kwa anayekuja kwa njia hiyo: kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, isikae chini ya begi. Mimi ilinibidi nifungue mizigo yote mbele za watu.

Dada, hilo jambo lako ni lipi?

Binti wa Barabara ya 12

Bibi yetu alifariki mwezi wa tatu. Ndiye aliyemlea mdogo wangu tangu ana miaka miwili, wakati mama anafanya kazi Korogwe. Wakubwa wakakubaliana asiambiwe mpaka amalize mitihani. Akipiga simu akimuulizia, anajibiwa bibi amelala, bibi kaenda Muheza. Mitihani imeisha wiki mbili sasa. Mama anataka aambiwe akishafika. Na mimi nimeshamdanganya mara nne kwa mdomo wangu.

Wa Chumbageni

Dada, mwambie. Mwambie leo.

Nilisoma China. Baba alifariki nikiwa mwaka wa mwisho, wakanificha miezi mitano kwa nia njema kabisa. Nilimnunulia viatu vya ngozi, namba 42, nikavibeba mkononi safari nzima visije vikabonyea kwenye begi. Kange alikuja baba mdogo. Nikauliza baba yuko wapi, akasema twende tu. Tulipofika mtaani akamwambia dereva wa bajaji apunguze mwendo, ndipo akaniambia. Nyumbani kila mtu alikuwa ameshalia akamaliza. Eda ya mama ilikuwa imekwisha. Nililia peke yangu katika nyumba iliyokuwa imepika pilau ya kunipokea.

Niliwasamehe. Lakini mwaka mzima, mtu wa nyumbani akiniambia "wote wazima", sikumwamini.

Mwana Horohoro

Mimi naona tofauti kidogo. Ukimwambia sasa atasafiri na msiba peke yake, viwanja viwili vitatu vya ndege, hana wa kumshika bega.

Mzee wa Pongwe

Apewe habari akiwa na wenzake, siku kadhaa kabla ya safari. Na asiandikiwe ujumbe. Baba yake apige, aseme kwa sauti yake. Binti, mama yako mwendee kwa upole. Anaogopa kuwa mbali naye wakati analia.

Binti wa Barabara ya 12

Nashukuruni sana. Nimerudi kuwapa habari.

Jana baada ya Isha nilikaa na mama, nikamsomea maneno ya huyo ndugu wa Chumbageni. Alinyamaza muda mrefu, kisha akamwita baba. Tulimtafuta kwanza mwenzake wanayekaa chumba kimoja, tukamwomba asitoke. Baba akapiga. Mdogo wangu hakulia mwanzoni, aliuliza tu amezikwa wapi, na nani aliingia kaburini. Baada ya hapo tukamsikia analia, na yule mwenzake akichukua simu kutuambia yupo naye.

Alfajiri ameniandikia: Alhamisi asipelekwe nyumbani moja kwa moja. Basi lake linafika Kange saa tisa. Tutapitia makaburini kwanza, na mama amesema atakuja naye.