Estonia haina ndege za kivita, inajilindaje?

Wakuu, naomba kueleweshwa. Nchi ya watu kama milioni 1.3, imepakana na Urusi, haina hata ndege moja ya kivita. Bajeti ya ulinzi inakwenda wapi?

Jibu: Mkuu, anza na watu kabla ya vyuma. Vijana wa kiume huitwa jeshini kwa lazima, kwa miaka mingi imekuwa miezi 8 au 11, kisha wanabaki askari wa akiba. Kuna pia Kaitseliit, jeshi la kujitolea lililoanzishwa 1918. Baadhi yao hutunza bunduki nyumbani. Anga hulindwa na ndege za NATO zinazopokezana, na tangu 2014 zinatumia pia kambi ya Ämari, hukohuko Estonia. Wangenunua zao, zingemeza fedha za kila kitu kingine.

Jibu: Naongezea mizinga, ndipo penye utamu. FH70 zao, za kukokotwa na lori, waliipa Ukraine. Badala yake wana K9 za Korea Kusini, walizoanza kuagiza 2018, zikiwa zimeshatumika huko. K9 inajiendesha kwa minyororo: inaweza kurusha makombora 3 kwa sekunde 15, kisha inahama kabla adui hajaijibu. Deraya za CV90 nazo walizipata kwa Uholanzi, mitumba pia. Kwangu huo ni ununuzi wa akili.

Muuliza: Asante sana wakuu. Na HIMARS, ile mitambo ya Marekani ya kurusha roketi?

Jibu: Wameshapokea 6, mwaka 2025.