Maandalizi ya mfumo wa udhibiti kwa timu changa ya roboti: tuanze na lipi?

Mwalimu_wa_Mbagala

Habari za jioni, wanajukwaa. Shule yetu ya sekondari huku Mbagala imeunda timu ya roboti kwa mara ya kwanza, na wanafunzi wengi ni wa kidato cha pili na cha tatu ambao hawajawahi kufunga mota wala kuandika mstari mmoja wa programu. Tumepokea vifaa vya REV Robotics, yaani Control Hub (ubongo wa roboti unaoendesha mota), Driver Hub (kifaa chenye skrini anachoshika dereva), padi mbili za kuendeshea, mota nne, servo kadhaa (mota ndogo zinazogeuka hadi pembe inayotakiwa) na betri moja ya volti 12. Vyuma vya fremu bado havijafika, na wenzangu wanashauri tuvisubiri, ingawa mimi naona muda unatupita bure. Naomba kufahamishwa ni yapi yanayoweza kukamilishwa kabla ya fremu, kama kompyuta zetu mbili za zamani zitafaa, na kama ni busara kuwaanzishia watoto hawa lugha ya programu ya Java moja kwa moja. Intaneti yetu ni ya bando la simu, na umeme wa karakana si wa kutegemea kila jioni.

Fundi_Sakiti_Ilala

Mwalimu, msisubiri fremu. Tafuteni kipande cha plaiwudi, mfunge juu yake Control Hub, swichi kuu na mota zote, kisha muwashe mfumo mzima hapo mezani hadi kila kifaa kitii amri. Kasoro ya waya ikiwa juu ya ubao huonekana kwa macho, lakini ikijificha ndani ya roboti iliyokwisha kufungwa skrubu, jioni nzima hupotea, na mara nyingi lawama humwangukia mwandishi wa programu ambaye hana hatia.

Njia ya umeme ni fupi: kutoka betri kwenda swichi, na kutoka swichi kwenda Control Hub, kwa plagi za XT30 ambazo umbo lake huzuia kuchomekwa kinyume. Hatari huingia mnapotengeneza nyaya zenu wenyewe, kwa hiyo kila waya mpya upimwe kwa multimita, yaani kipima umeme, kabla haujagusa kifaa; multimita ya kawaida kutoka Kariakoo inatosha kabisa kwa kazi hii. Control Hub moja ina nafasi 4 za mota na 6 za servo, hivyo kwa sasa hamhitaji kununua Expansion Hub, kifaa cha kuongeza nafasi hizo. Angalieni sana kwamba kila mota ina waya wa nguvu na waya mwingine mwembamba wa enkoda, yaani sensa inayohesabu mizunguko. Waya wa enkoda ukichomekwa kwenye nafasi ya mota nyingine, roboti itatembea vizuri chini ya dereva, ila programu itakuwa inasoma mwendo wa gurudumu lisilo lake, na mtakuja kuligundua hilo siku mtakapoiachia ijiendeshe. Kila waya ubandikwe lebo kwenye ncha zote mbili tangu siku ya kwanza.

Betri ya seti hiyo ni ya NiMH (nikeli), si ya lithiamu, kwa hiyo chaja ya lithiamu isitumike hata mara moja. Someni lebo ya chaja mhakikishe inakubali volti 230 za hapa kwetu, na msizidishe ampea 3 wakati wa kuchaji. Fyuzi yake ni ya ampea 20, ya aina ndogo ya bapa inayotumika kwenye magari. Ikiungua, tafuteni kwanza sababu, kisha wekeni nyingine ya ampea hizo hizo, wala msiiunge kwa kipande cha waya. Na kama bajeti inaruhusu kununua kitu kimoja tu, nunueni betri ya pili.

Kodi_Mwenge

Shikamoo Mwalimu. Naomba nizungumzie upande wa programu, ambao kwa bahati nzuri hauhitaji kompyuta yenye nguvu. Sakinisheni REV Hardware Client, programu ya kusasisha vifaa vya REV, kwenye kompyuta moja yenye Windows, muunganishe Control Hub kwa waya wa USB-C, na masasisho yote yafanyike siku moja mahali penye intaneti nzuri. Kisha fanyeni hivyo hivyo kwa Driver Hub. Matoleo ya programu kwenye vifaa hivyo viwili yalingane, kwa sababu yakipishana mtatumia muda mwingi kutafuta hitilafu ambayo haimo kwenye nyaya wala kwenye kazi ya wanafunzi.

Baada ya hapo bando halihitajiki tena. Control Hub hutoa Wi-Fi yake yenyewe. Kompyuta hujiunga nayo, mnafungua kivinjari kwenye anwani 192.168.43.1:8080, na programu huandikwa na kutafsiriwa humo humo ndani ya Hub. Badilisheni nenosiri la kiwandani mapema, kwani kila timu inalijua. Katika kusajili vifaa, mota mliyoiita mota_kushoto iitwe hivyo hivyo ndani ya programu, kwa sababu herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa tofauti.

Kuhusu lugha, mimi ningeanza na Blocks, ambayo hupangwa kwa vipande na huweza kuonyesha pembeni Java inayolingana na kile mtoto alichopanga. Anayeelewa mantiki ya vipande hatababaishwa na alama za Java.

Mwalimu_wa_Mbagala

Marahaba, nawashukuru sana. Ubao umekamilika na mota zinazunguka. Hata hivyo, tumeona kwamba tukiamuru kwenda mbele, upande wa kulia unazunguka kinyume na wa kushoto. Je, tugeuze nyaya za nguvu za mota hizo?

Mlezi_Kigamboni

Hapana, Mwalimu, nyaya ziacheni. Mota za pande mbili hutazamana, kwa hiyo hali hiyo ni ya kawaida, na dawa yake ni kugeuza mwelekeo ndani ya programu. Mkigeuza hapo, hesabu ya enkoda hugeuka pamoja na mota. Mkigeuza nyaya za nguvu peke yake, mota itakwenda upande mmoja huku enkoda ikihesabu upande mwingine, na roboti ikiamriwa kufika umbali fulani itazidi kukimbia badala ya kusimama.

Kuhusu lugha natofautiana kidogo na Kodi_Mwenge: wanafunzi wawili wenye hamu wapewe Java sasa hivi wakati wengine wanaendelea na Blocks, maana kazi ya kujiendesha ikikua, vipande hujaa skrini na kusomeka kwa shida.

Ili padi zitambuliwe, waendeshaji wazoee kubonyeza Start na A kwa padi ya kwanza, na Start na B kwa ya pili, kila mara padi inapochomolewa na kurudishwa. Wasome pia volti za betri kwenye Driver Hub kabla ya kila zoezi. Zikiwa chini ya 12 roboti ikiwa imesimama, betri ibadilishwe, kwani upimaji wa mwendo kwa betri dhaifu hauna maana. Na kwa kuwa programu zinakaa ndani ya Control Hub, mtu mmoja apewe jukumu la kupakua nakala kwenye flashi kila jioni kabla ya kuzima.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu, hivyo umeme tuli hausumbui sana hapa. Mkialikwa kushindana mahali pakavu, nunueni mapema waya maalumu wa REV wenye ukinzani unaounganisha Control Hub na fremu. Waya wa kawaida usitumike mahali pake.