Lipu na rangi ya nje, ghorofa moja: mirunda, fremu za chuma, mnara wa magurudumu au ngazi?

Mwenye_Nyumba
Wakuu, nyumba imefika hatua ya lipu ya nje, na baada yake rangi. Kutoka chini hadi ukingo wa paa ni kama mita 7. Fundi lipu anataka kufunga jukwaa la mirunda (miti) kama alivyozoea. Fremu za chuma za kukodi zipo. Jirani ana mnara wa alumini wenye magurudumu na yuko tayari kuniazima. Fundi rangi naye anasema ngazi ndefu inamtosha. Bei tuiweke kando. Nataka kujua ni kipi kitawashusha hawa watu wakiwa wazima.

Timazi
Mkuu, hapo una kazi mbili, na kila moja ina jukwaa lake. Lipu ni nzito. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanganyiko mbichi inakaribia kilo 40. Weka ndoo tatu, fundi na saidia fundi kwenye nafasi moja, tayari ni karibu kilo 270, na bado kuna mtu anasukuma ukuta kwa mwiko siku nzima. Rangi ni mtu mmoja na kopo.

Kwa lipu mimi ni fremu za chuma bila kusita. Ila fremu zikifungwa ovyo ni hatari kama mirunda. Kila mguu uwe na kitako chake cha chuma, na chini ya kitako pawe na ubao mpana. Ukiona tofali chini ya mguu, mwambie aliyeliweka alitoe, maana tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Breisi za mkato (vyuma vinavyokingama kati ya fremu) ziwepo zote, na jukwaa lifungwe kwenye ukuta. Sehemu ya kukanyaga ijazwe mbao upana wote, pawe na reli ya juu kama mita moja, nyingine ya katikati, na ubao wa pembeni wa kuzuia vitu visimwangukie aliye chini. Mnanizoea kwa kelele za reli, lakini ubao mmoja bila reli ndio ninaouona kila mahali.

Mti_Mkavu
Mirunda mnaionea. Hong Kong wamejenga maghorofa marefu kabisa kwa majukwaa ya mianzi.

Timazi
Kweli wamejenga, kaka. Lakini wafungaji wao hupata mafunzo na vyeti, na hufunga kila kiungo kwa kamba maalumu kwa mpangilio unaojulikana. Hiyo ni fani inayojitegemea. Mrunda ninaoulalamikia ni ule uliobeba zege la slabu, ukang'olewa misumari, ukalala mvuani, sasa unasimamishwa tena kubeba watu. Msumari ukivutwa kwa urefu wake hutoka upesi, na ndivyo unavyovutwa pale mti wa mlalo unapotaka kuachana na nguzo. Halafu kuna lile tundu la kuchomeka mti ukutani: ukuta ukiwa mbichi, tofali linalobeba jukwaa zima halijashika vizuri.

Kama lazima iwe miti, iwe mipya, iliyonyooka, isiyo na nyufa. Na mbao za kukanyagia msizipake rangi, rangi huficha ufa.

Saidia_Fundi
Kwani si uwanunulie mikanda ya usalama tu, yaishe?

Bibi_Saiti
Mwanangu, hapo ndipo wengi wanapopotea, ngoja nikupigie hesabu. Kamba ya mkanda kwa kawaida ina urefu wa kama mita 1.8. Kifyonza mshtuko, ile sehemu ya kamba inayofunguka kupunguza nguvu ya anguko, huongeza mita moja au zaidi. Kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo ni mita 1.5 hivi. Acha na akiba ya mita moja. Kama umeifunga kamba usawa wa hiyo pete, unahitaji zaidi ya mita 5 za uwazi chini ya hapo ulipoifungia. Aliye kwenye ubao wa mita 3 ana kama mita 4.5 tu, hivyo anaweza kugonga ardhi kabla mkanda haujamaliza kazi yake.

Bado hujaniambia ataufunga wapi. Kanuni za Marekani zinataka sehemu ya kufungia ihimili kilonewtoni 22, yaani kama uzito wa tani mbili na robo. Mrunda wa msumari hauwezi hilo. Na ule mkanda wa kiunoni pekee, huko walishaukataza kuzuia anguko tangu 1998, kwa sababu humkata mtu katikati. Reli kwanza. Mkanda ni wa pale reli isipowezekana, na uwe wa mwili mzima, na pawe na watu walio tayari kumshusha aliyening'inia mara moja.

Rangi_Mbili
Mimi ni fundi rangi, nitetee mnara. Ni mwepesi, unahama haraka, ngazi yake iko ndani. Kwa mita 7 sakafu yake iwe kama mita 5.2. Nje wengi tunashika kanuni ya urefu usiozidi mara tatu ya upande mfupi wa chini, hivyo unahitaji karibu mita 1.75. Wenye upana wa mita 1.3 hautoshi bila miguu ya pembeni. Maelekezo ya mtengenezaji yakidai zaidi, fuata hayo. Breki zote zifungwe, na usisukumwe mtu akiwa juu hata hatua moja. Uwanja uwe mgumu na sawa. Kwenye kifusi usahau. Na angalia nyaya za umeme, alumini haina huruma.

Ngazi ni ya kurekebisha doa. Kila mita 4 za juu, mguu mita 1 kutoka ukutani. Lakini mkono mmoja kopo, mwingine brashi, unashikilia nini? Ukuta wa chini wote mimi huumaliza kwa rola yenye mpini mrefu, nimesimama ardhini.

Mwenye_Nyumba
Basi fremu kwa lipu, mnara kwa rangi. Ila fundi lipu kanishtua: anasema akifika kwenye vile vifungo vya ukutani huvitoa ili apite.

Timazi
Asivitoe kabisa! Mwambie afungie kwenye matundu ya madirisha: bomba linakazwa ndani ya tundu, jukwaa linashikwa hapo, na uso wa ukuta unabaki wazi kwa lipu. Pale pasipo na dirisha, kifungo kipya kikazwe kando kwanza, ndipo cha zamani kitoke, kimoja baada ya kingine.

Bibi_Saiti
Na anayegusa vifungo awe yule yule aliyelisimamisha jukwaa. Mvua kubwa au upepo ukipita, alikague upya kabla mtu hajapanda.