Mass Effect 2: mabaharia wangu wote wamebebwa, niende saa hii au nimalizie misheni kwanza?

kobe_wa_anga

Wakuu habari zenu. Mimi mgeni kwenye hizi gemu, nilichukua ile Legendary Edition yenye zote tatu, ya kwanza nimemaliza (nilimwacha mwenzangu wa kikosi Kaidan afe kwenye sayari ya Virmire na mpaka leo roho inaniuma) sasa niko ya pili. Juzi nimeenda kuchukua ile IFF (kifaa cha utambulisho cha kuvukia Omega-4 Relay) kwenye maiti ya Reaper, yale mashine makubwa ya adui, nikarudi nikawa naendelea na mambo yangu, mara naambiwa mimi na kikosi tupande kile chombo kidogo tutoke, huku nyuma maadui wanaoitwa Collectors wakaingia meli yangu Normandy wakazoa watu wote, kabaki rubani Joker na EDI, ile kompyuta ya meli, tu. Yani nimeangalia ile sehemu nimeshika pedi kama mjinga, sikuitegemea kabisa.

Sasa swali. Kila mtu melini anasema twende Omega-4 Relay, lile lango la kwenda kwa Collectors, tukawatoe, lakini ramani ya galaksi iko wazi kama kawaida na misheni zangu zote bado zipo. Za uaminifu (zile za kumsaidia kila mwanakikosi jambo lake ili awe mwaminifu kwako) nimefanya za watu wote isipokuwa Tali na Legion (huyu roboti nimemwasha majuzi tu). Meli nimeweka deraya na mzinga ila ngao bado, madini yaliisha, na ile kazi ya kuskani sayari inanichosha kuliko vita yenyewe.

Je niende hivi hivi au nijipange kwanza? Nauliza maana gemu zote nilizocheza ukiambiwa "haraka dunia inaisha" unaweza kwenda kuvua samaki wiki nzima ukirudi unaikuta dunia inakusubiri. Tafadhali msinimalizie uhondo wa mwisho, nipeni njia tu.

fundi_wa_sevu

Mkuu kabla ya yote tengeneza sevu mpya, usiandike juu ya ile ya zamani. Umeshatengeneza? Haya sasa tuongee.

Hii gemu haikusubiri. Tangu watu wako walipobebwa inahesabu misheni kimya kimya, hakuna saa kwenye kioo wala onyo. Ukienda moja kwa moja unawakuta hai. Ukifanya misheni moja mpaka tatu, nusu wamekwisha, akiwemo Kelly yule wa mlangoni kwa ramani, na hiyo utaishuhudia kwa macho yako. Ukizidisha tatu unamkuta daktari Chakwas peke yake na maneno atakayokwambia hutayasahau. Mimi mara ya kwanza, hiyo 2010 ilipotoka, nilizunguka nikamaliza kila kitu kwenye ramani ndio nikaenda nikijiona mtu wa mipango. Acha tu.

Ila kuskani madini hakuhesabiwi. Kwa hiyo vumilia, zunguka sayari ambazo hujazigusa, pata madini ya ngao, ongea na Tali, weka, ndio uingie relay. Bila ngao kuna mtu wako anafia njiani kabla hata hamjatua, na hapo hakuna cha kuchagua wala kujadiliana, ni sinema inapita mbele yako.

Dada Risasi

Mimi napingana na fundi kidogo. Misheni zilizobaki ni mbili tu, ya Tali na ya Legion. Afanye zote mbili aende, atapoteza nusu ya mabaharia ndiyo, lakini hao mabaharia zaidi ya Kelly na wale wawili wa injini nani anawajua majina? Tali na Legion ni watu wa kikosi, na ya Tali ni mojawapo ya misheni nzuri kuliko zote humu, kesi yake mbele ya wenzake kwenye zile meli zao, risasi zipo, ila kiini chake ni maneno na aibu ya mzazi. Kuiruka hiyo ni kula wali ukaacha mchuzi. Halafu hao wawili watamrudia gemu ya tatu kwa namna ambayo sitasema maana kakataza kumalizia uhondo. Akiwa hajafanya za kwao atajuta huko mbele.

fundi_wa_sevu

Dada hoja yako naielewa lakini wale watu ndio waliokuwa wanamsalimia kila akitoka kwenye misheni. Mpishi kaletewa viungo kutoka Citadel (natumaini ulimletea mkuu), mtu unamla chakula chake halafu unamwacha asagwe uji kwa sababu unataka ukamilishe orodha?

Dada Risasi

Hahaha umenipiga kwa mpishi. Sawa. Lakini bado nasema ni bei, na kila mtu achague anacholipa.

mzee_wa_cover

Nyinyi mnabishana wakati hesabu inaruhusu kuokoa wote bila kugusa hizo misheni mbili. Kobe, sikiliza, nitajitahidi nisifichue hadithi, ni kazi za wanakikosi wako tu.

Mle ndani utaulizwa nani aingie kwenye njia ya hewa kufungua milango. Jacob atajitolea, mkatalie. Kazi ile ni ya Tali, Legion au Kasumi, lakini kwako Tali na Legion hawajawa waaminifu hivyo wakiingia wanakufa, inabaki Kasumi. Kiongozi wa kikosi cha pili mpe Garrus, Miranda au Jacob, na hapa watu wengi hawajui, ukikosea kiongozi anayekufa ni yule wa kwenye njia ya hewa, hata kama yeye ulimchagua sawa. Baadaye utatakiwa mtu wa kushikilia kinga ya biotiki (zile nguvu za kusukuma vitu bila kuvigusa). Miranda atasema biotiki yeyote anaweza. Hawezi. Ni Samara au Jack basi. Mabaharia wasindikizwe kurudi melini na Mordin.

Sasa pale mwisho, unachukua wawili uingie nao na waliobaki wanalinda mlango, na hapa ndio makaburi ya wengi. Gemu inampa kila mlinzi namba kisha inatafuta wastani. Grunt, Zaeed na Garrus wana 4 kila mmoja. Samara, Thane, Jacob, Miranda na Legion wana 2. Jack, Kasumi, Tali na Mordin wana 1. Asiye mwaminifu anapunguziwa 1, kwa hiyo Tali wako ni 0 na Legion 1. Wakiwa watano au zaidi mlangoni, wastani ukifika 2 hafi mtu.

Wewe ingia na Miranda na Kasumi. Mlangoni wanabaki Garrus 4, Grunt 4, Zaeed 4, Samara 2, Thane 2, Jacob 2, Jack 1, Legion 1, Tali 0. Jumla 20, gawanya kwa 9, imevuka 2. Wote wazima. Kosa la kila mgeni ni kuchukua majabali yake aingie nayo kwa bosi halafu mlangoni anaacha wasomi.

Halafu hongera, Miranda na Jack wamegombana na umewabakiza wote wawili waaminifu, hapo wengi huwa wanachagua upande mmoja wanampoteza mwingine.

kobe_wa_anga

Mzee nimekopi hii yote kwenye karatasi. Ule ugomvi nilipita kwa sababu nilikuwa nacheza mpole mwanzo mwisho, kumbe ilikuwa bahati.

mzee_wa_cover

Si bahati sana, gemu ya pili inapima pointi zako za upole au ukali dhidi ya zile ambazo ungeweza kuzipata mpaka hapo. Ukichanganya changanya huku na huku ndio yale maneno mazuri yanabaki yamefifia huwezi kuyachagua.

kobe_wa_anga

Nimerudi wakuu. Nimeskani masaa mawili, ngao nimeweka, nimeingia. Meli imepita salama, Kasumi katoka kwenye njia ya hewa mzima, Samara kashikilia kinga mpaka mwisho, mabaharia wote nimewakuta na Mordin kawafikisha. Mpaka hapo nilikuwa nashangilia peke yangu usiku wa manane.

Sasa kwenye ile skrini ya mwisho ya kuchagua wawili, karatasi ilikuwa mezani kabisa, nikamwangalia Garrus nikasema huyu nimetoka naye tangu gemu ya kwanza, haiwezekani niende kufa bila yeye. Nikamchukua. Na Grunt juu.

mzee_wa_cover

Mungu wangu. Zaeed 4, Samara, Thane, Jacob na Miranda 2 kila mmoja, Jack na Kasumi na Legion 1, Tali 0. Ni 15 kwa 9. Anakufa mmoja, na wasio waaminifu ndio wanaotangulia.

kobe_wa_anga

Tali.

fundi_wa_sevu

Pole sana mkuu. Ile sevu niliyokwambia utengeneze ipo?

kobe_wa_anga

Ipo. Na nyingine ipo ya kabla ya skrini ya kuchagua, ni kama dakika ishirini tu nyuma. Tatizo ni Garrus, kwenye ile vita ya mwisho kapigana vizuri mpaka nikawa namsifia kwa sauti, sasa nikirudi inabidi nimwache mlangoni na nianze upya kumpiga yule bosi nikiwa na Kasumi.

Dada Risasi

Rudi kamwokoe Tali. Gemu ya tatu utanishukuru, na sisemi zaidi ya hapo.

kobe_wa_anga

Haya nawasha mtambo.