Akaunti ya chuo ya watoto (529), tukiachana inakuwa ya nani?

MamaWawili
Habarini wadau, naombeni msaada hasa mlioko huku Marekani. Nipo Texas, mimi na mzee tunaachana ila kesi hatujafungua. Tulifungua ile 529 mtoto wa kwanza akiwa bado ananyonya, leo ana 16, imefika kama dola 41,000 na nyingi ni zangu za shifti za usiku, dola 60 kila mshahara. Juzi namwambia hizo za mtoto tusiziguse, ananijibu soma jina, kusoma kweli limeandikwa lake tu, mtoto yupo chini kama mnufaika. Nyumba yetu ya Kibaha haijapauliwa na najua macho yake yako kwenye bati. Anaweza kuzitoa?

ShiftiDabo
Pole dada. Hela ya mtoto ni ya mtoto bwana, haigusi mtu.

KakaWaIrving
Mkuu hapo juu unampoteza. UTMA (ile akaunti mtu mzima anamshikia tu mtoto mali aliyopewa) ndo ya mtoto moja kwa moja, 529 ni ya mwenye jina. Anaweza kubadilisha mnufaika, anaweza kuzitoa hata kesho, atakachoumia ni kodi kwenye ile faida na faini ya 10% juu ya faida hiyo hiyo, mlizoweka wenyewe zinatoka salama. Mtu mwenye haraka ya bati hiyo haimtishi. Ila Texas mlichochuma ndani ya ndoa ni cha wote hata jina likiwa la mmoja, kwa hiyo jaji ataihesabu kwenye mali ya kugawana.

BiMkubwa
Mimi nimepita humo humo. Mdogo wangu, printi stetimenti zote leo. Halafu uliza mapema kuhusu kufungua kesi, maana kaunti kadhaa za Texas, Dallas ikiwemo, zina amri inayoanza kazi kesi ikifunguliwa, hakuna kuhamisha hela kiholela. Sisi tuliandika kwenye hukumu: ni za chuo tu, stetimenti inakuja na kwangu, mnufaika habadilishwi bila sahihi zetu wote, akizitoa kinyume anarudisha toka mfukoni kwake. Nilichosahau ni nani anashika akaunti mwenye jina akifariki, kuja kuangalia mtalaka wangu kamwandika dada yake! Wengine wanaigawa mbili kila mzazi anashika yake, hilo ongea na wakili.

MamaWawili
Asante dada. Na huyu wa miaka 11 ambaye hana akaunti?

BiMkubwa
Zitakazobaki kwa kaka yake zinahamia kwake bila kodi, ni ndugu. Ila iandikwe, usitegemee roho ya mtu.

MamaWawili
Nimejaribu kuingia sasa hivi nidaunilodi, paswedi imebadilishwa.

KakaWaIrving
Basi usimuulize kitu. Wakili kesho asubuhi, kesi ikifunguliwa atazidai stetimenti na atazitoa apende asipende.