Tonado usiku na tunakaa kwenye treila, nyie wa Kentucky mnafanyaje?

MamaNeema
Habarini ndugu zangu. Tumehamia huku magharibi ya Kentucky, mume kapata kazi kiwanda cha kuku, tunakaa nje kabisa ya mji, kila upande ni mashamba ya mahindi na soya, na nyumba yenyewe ni treila. Juzi usiku simu zetu zikalia kwa pamoja ile sauti ya kutisha ya tahadhari, mara mvua ya mawe, mara upepo ukang'oa bati za banda la jirani na miti ikalala barabarani. Jirani anasema haikuwa tonado, ile nguzo ya upepo unaozunguka kutoka wingu mpaka chini, ni upepo tu. Upepo tu unang'oa miti?? Na zikilia tena watoto wamelala nikimbilie wapi jamani, hapa hakuna hata chumba cha chini.

Kasongo_BG
Pole sana mama. Mimi niko Bowling Green, tuko Wakongomani wengi hapa. Kwetu Goma tulijua kuogopa volkano ya Nyiragongo, hii ya upepo hatukuijua, mpaka usiku wa kuamkia tarehe 11/12/2021, saa saba na kitu usiku, tonado ilipita hapa mjini na watu 17 wakafa. Ilikuwa Desemba, kila mtu anafikiri ni mambo ya mwezi wa nne na wa tano. Usizime simu usiku, na usingojee king'ora, vile ving'ora vimewekwa kwa watu walio nje, ukiwa umelala ndani na mvua inapiga husikii kitu.

mpenda_mawingu
Dada, jirani yako anaweza kuwa sahihi kabisa. Wingu kubwa la radi ambalo lote linajizungusha linaitwa supaseli. Hewa ya joto yenye unyevu inatoka Ghuba ya Meksiko, huko juu upepo unavuma kwa kasi na upande tofauti na wa chini, basi hewa inabiringika kama chapati ya kukunja na ile inayopanda inaisimamisha wima, wingu likishashika mzunguko linaweza kuishi masaa mengi. Supaseli nyingi hazitoi tonado, ila mvua ya mawe na upepo unaoshuka kutoka wingu na kutawanyika chini ndo kawaida yake, na huo unaweza kupita kilomita 150 kwa saa. Angalia miti ilivyolala, ikiwa yote imeelekea upande mmoja mara nyingi ni huo, tonado inaiacha imepishana pishana. Ile tonado ya Mayfield, mji wa huko huko Kentucky, usiku huohuo wa 2021 ilitoka kwenye supaseli iliyoanzia Arkansas, tonado yake ikakaa chini kilomita 266 mfululizo, ikaua watu 57, na 9 kati yao walikuwa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mishumaa.

Deo_254
Mimi nikiona simu imelia naweka familia kwenye gari tunatoka mbio, gari ina speed kuliko upepo

NesiZuhura
Deo tafadhali usimwambie hivyo mtu mwenye watoto. Usiku huioni, imejificha kwenye mvua, mti ukilala barabarani umekwama hapo hapo, na gari linabebwa. Na chini ya daraja msijifiche kabisa, upepo pale unazidi.

MamaNeema mdogo wangu, treila haifai hata kama imefungwa minyororo, kwa hiyo kazi yako unaifanya kabla. Wakitangaza Tornado Watch maana yake hali ya hewa inaruhusu, hapo ndo unaondoka na watoto ungali na muda, mkalale kwa mtu mwenye nyumba ya msingi. Ikija Tornado Warning maana yake tonado ipo au rada imeiona, ni dakika chache tu. Piga simu ofisi ya dharura ya kaunti yako uulize shelta, yaani mahali pa kujihifadhi, iko wapi na usiku nani ana funguo, sehemu nyingi vijijini ni kanisa au kituo cha zimamoto. Nunua na redio ya hali ya hewa ya betri, mnara wa simu ukianguka hiyo inaendelea. Mkifika kwenye nyumba ingieni chumba cha katikati kisicho na dirisha, watoto wavae viatu na helmeti zao za baiskeli.

MamaNeema
Asanteni mno. Kanisa la Wabaptisti liko karibu tu na lina chumba cha chini, kesho naenda kuwauliza habari ya funguo. NesiZuhura hiyo redio nikiiweka ilie kwa tahadhari za kaunti yangu peke yake inatosha, au niweke na za kaunti za upande wa magharibi dhoruba zinakotokea?

NesiZuhura
Weka zote mbili.