Ruzuku ya kuwaingiza kazini watu wenye ulemavu: bajeti iandikwe vipi? (Tanga)

BintiMakorora:
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha watu wenye ulemavu hapa Makorora, Tanga mjini. Tuko 11: wanne viziwi, watatu wanatembelea magongo, mmoja ana uoni hafifu, na sisi watatu tunatumia viti mwendo. Ufundi tunao, wa kushona, kuchomelea na kutengeneza simu. Kazi ndiyo hatuna.

Mwaka jana tulipeleka andiko kwa mfadhili mmoja. Tuliomba cherehani sita, mashine ya kuchomelea na mafunzo ya miezi mitatu. Jibu lilikuja mistari miwili: andiko halionyeshi washiriki watapataje ajira. Liliniuma, lakini kila nikilisoma naona walisema kweli.

Mafunzo tumeshafundishwa mpaka basi. Mimi peke yangu nina vyeti viwili vya ushonaji. Nilikwenda kuomba kazi kwenye karakana ya sare za shule, tajiri akalichukua shati nililoshona, akaligeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye pindo, akasema mshono safi. Halafu akaniambia mafundi wanakaa ghorofani na cherehani zote ni za kukanyaga. Tukaagana kwa heshima. Kilichonikosesha kazi ni ngazi na pedeli, basi.

Sasa kuna nafasi nyingine ya kuomba. Je, mambo kama hayo ya ngazi na pedeli yanaombewa ruzuku? Aliyewahi kupata anielekeze, tafadhali.

Ngamiani_Barabara12:
Pole dada. Kwani ile asilimia 2 ya halmashauri mmeijaribu? Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ni za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023 lakini ikarudi 2024. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

BintiMakorora:
Ahsante kaka, tunaijua na tunashukuru ipo. Ila ule ni mkopo, unarejeshwa. Unamfaa mwenye genge au kibanda chake cha simu. Mimi ninayetaka kuajiriwa nikikopa, nitarejesha kwa mshahara gani ambao sijaupata?

MzeeWaChumbageni:
Mwanangu, hiyo habari ya pindo na pedeli ndiyo aya ya kwanza ya andiko lako. Iandike kama ulivyoiandika hapa.

Nimeandika maandiko ya viziwi kwa miaka mingi na kosa letu lilikuwa hilo lenu. Tulimpeleka kijana kwenye karakana ya mbao, tukamwacha na barua ya utambulisho. Siku ya nne karudi nyumbani. Msimamizi alimwita kwa nyuma, hakusikia, akaonekana ana kiburi. Tukarudi pale na mkalimani wa lugha ya alama siku sita. Wenzake wakajifunza alama kama ishirini: mbao, pima, simama, hatari. Wakazoea kugonga benchi ili mtetemo umfikie mikononi. Gharama yote haikufika bei ya randa nzuri, na kijana yuko pale mpaka leo.

Kwa hiyo punguza cherehani. Omba mkalimani wa siku za usaili na wiki za mwanzo kazini. Omba nauli ya bajaji mpaka mshahara wa kwanza utoke, maana hapo ndipo wengi wanapokatikia. Omba fungu dogo la kurekebisha mahali pa kazi. Na hiyo pedeli isikutishe: Duga kuna fundi asiye na miguu, cherehani yake ya mota, pedeli kaipandisha mezani anaibonyeza kwa kiwiko. Nimemwona akitia zipu suruali hivyo hivyo.

Kabla ya kutuma, tafuta barua za waajiri watatu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Usiingie nayo mlangoni kama rungu. Mwoneshe kwanza namna kazi itakavyofanyika, sheria itaje mwishoni.

Wafadhili, uangalie mfuko wa Abilis wa Finland. Ulianzishwa 1998 na watu wenye ulemavu wenyewe, na unataka chama kiongozwe na wenye ulemavu. Hapo mnafaa.

MamaPongwe:
Nyongeza tu: katiba, cheti cha usajili na akaunti ya benki kwa jina la kikundi viwe tayari. Sisi tulichelewa kwa sababu mtia saini mmoja alihama, benki ikataka muhtasari wa kikao. Wiki mbili zikapotea.

BintiMakorora:
Mzee, shikamoo. Leo asubuhi nimerudi kwa yule tajiri wa sare. Nimekaa uani, ameshuka mwenyewe. Nikamweleza habari ya kiwiko, akanyamaza kidogo, akanionyesha chumba cha chini wanakokatia vitambaa. Anasema meza moja inaweza kuingia pale karibu na dirisha, na barua atatia saini, ila kwanza aione pedeli ya mezani kwa macho yake. Nakuomba unikutanishe na huyo fundi wa Duga. Bajaji ya kumleta nitailipa mimi.

MzeeWaChumbageni:
Marahaba. Nimemtumia ujumbe. Jumatatu baada ya adhuhuri yuko tayari, na mota yake anakuja nayo.